Kamba Iliyosahaulika Ghorofani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonikalia moyoni wiki hii ni Hesabu 32:23, "jueni ya kuwa dhambi yenu itawapata." Najua Musa alikuwa akiwaonya Wagadi na Wareubeni waliotaka kubaki ng'ambo ya Yordani, wala hakuwa akizungumzia ndoa. Lakini kwenye ndoa neno hilo linauma kuliko mahali pengine popote. Na filamu inayolionyesha hatua kwa hatua haina mhubiri hata mmoja ndani yake: *Ascenseur pour l'échafaud*, ya Louis Malle, iliyotoka Ufaransa mwaka 1958 mwongozaji akiwa na miaka 25 tu.

Florence Carala, anayeigizwa na Jeanne Moreau, ni mke wa tajiri muuza silaha. Hawara yake ni Julien Tavernier, askari wa miavuli wa zamani aliyeajiriwa na huyo huyo mume. Wamekubaliana mume auawe, na mpango wenyewe hauna papara. Jumamosi jioni Julien anamwomba sekretari abaki ofisini, awe shahidi kwamba yeye Julien hakutoka. Kisha anatokea dirishani, anarusha kamba yenye ndoano, anapanda ghorofa moja na kumpiga mume risasi kwa namna itakayoonekana amejiua. Wakati huo sekretari anachonga penseli kwa mashine ya umeme, na kelele zake zinaumeza mlio wa bastola. Julien anashuka, anaaga, anatoka pamoja na wengine mbele ya mlinzi.

Akiwa tayari garini anainua macho: kamba bado inaning'inia kwenye uzio wa baraza.

Hapo ndipo pa kutulia. Watu husema alikosa bahati. Bahati gani tena? Mpaka dakika ile kila kitu kilikuwa upande wake, hata ile mashine ya penseli. Kilichomponza ni kwamba uongo wa namna hii hautaki kukosewa hata mara moja, na ukikosewa, dawa yake ni kurudi palepale ulipotendea kosa. Julien anarudi. Anaacha funguo ndani ya gari, na koti lenye bastola na kamera ndogo. Anaingia kwenye lifti, mlinzi anazima swichi kuu ya jengo, na Julien ananasa kati ya ghorofa na ghorofa usiku kucha, mkononi ana kisu kidogo cha kufungulia skrubu.

Mfalme Daudi naye, baada ya kuzini na Bathsheba, mke wa askari wake Uria, alirudi, tena mara tatu. Fungueni 2 Samweli 11. Kwanza alimwita Uria kutoka vitani ili akalale nyumbani kwake, mimba ya Bathsheba ipate baba. Uria akalala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Kesho yake Daudi akamlewesha, na bado Uria hakwenda kwake. Mwisho akaandika barua ya kumuua Uria, akampa Uria mwenyewe aipeleke kwa Yoabu, mkuu wa jeshi. Jambo lilianza darini, kwa jicho, likaishia kwenye maiti za askari ambao hawakuwa na habari na Bathsheba. Hata kwenye filamu, kijana mmoja na msichana wa duka la maua wanaliiba lile gari, wanajiandikisha motelini kwa jina la Tavernier, na kwa bastola iliyokuwa garini kijana anaua watalii wawili Wajerumani. Uzinzi wa watu wawili, na kabla hakujapambazuka maiti ni tatu. Anayesema "hili ni langu na mwenzangu tu, halimdhuru mtu" na aisome sura hiyo tena, pole pole.

Waswahili husema za mwizi arobaini. Julien hakufikisha hata mbili. Asubuhi umeme unarudi, anatoka kwenye lifti na kukuta anatafutwa kwa mauaji ya Wajerumani, ambayo hakuyafanya. Ana utetezi mmoja tu wa kweli: usiku ule nilikuwa kwenye lifti. Lakini ukweli huo huo ndio unaomweka kwenye jengo ambamo bosi wake ameuawa. Tazameni uongo unavyomfikisha mtu: siku anapouhitaji ukweli umwokoe, ukweli wenyewe unamfunga. Mume aliyedanganya yuko Morogoro kikazi, ajali ikatokea alikokuwa kweli, ataieleza polisi nini?

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya kamba. Florence anamsubiri Julien mkahawani. Gari la Julien linapita, na anamwona yule msichana wa duka la maua kwenye kiti cha abiria. Haulizi. Palepale anaamini ameachwa. Usiku mzima anazunguka Paris akimtafuta (Henri Decaë, mpiga picha wa filamu, alimrekodi kwa mwanga wa madirisha ya maduka ya Champs-Élysées, na tarumbeta ya Miles Davis ikaja kuwekwa baadaye). Kwa nini shaka inamwingia upesi hivyo? Kwa sababu anajua Julien anaweza kuficha, na anajua hivyo kwa kuwa wameficha pamoja. Uliyemsaliti mwenzi wako pamoja naye ndiye mtu usiyeweza kumwamini kamwe. Katika filamu nzima hawa wawili hawaonekani pamoja hata mara moja. Wameunganishwa na simu mwanzoni, na mwishoni wanakutana kwenye picha zilizokuwa ndani ya ile kamera, zinaposafishwa kwenye beseni la dawa kule motelini mbele ya kamishna wa polisi. Wanacheka, wamekumbatiana. Picha nyingine za kamera hiyo zinamwonyesha kijana akiwa na Wajerumani, zikamwondolea Julien kesi yao, na hizi za mahaba zikawapa wote wawili kesi ya mume.

Sasa niseme na sisi tunaoketi viti vya mbele. Ile namba iliyohifadhiwa kwa jina la Fundi Bomba inafahamika. Laini ya pili, meseji zinazofutwa kabla ya kuvuka kizingiti, pesa zinazotumwa usiku: hizo zote ni kamba, na unazirudia kila siku. Wengine tunaongoza sifa huku simu imefunikwa kifudifudi. Unamwomba Mungu akufanikishie ndoa, au akufanikishie maficho? Mithali 28:13 imeshajibu: "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Kuungama na kuziacha. Moja bila jingine halitoshi.

Anza na kuacha. Kata mawasiliano kabla ya kuungama, wala usiombe kikao cha kuagana, maana kikao hicho huzaa kingine. Kisha mwambie mwenzi wako wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani, na umwambie yote kwa mara moja. Ukweli unaotolewa vipande vipande humsaliti mtu upya kila kipande kinapotoka. Usitaje kosa lake kama sababu ya lako. Usidai msamaha usiku uleule. Daudi alisamehewa na bado nyumba yake ililia. Nendeni mkapime Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, na mpaka majibu yatoke usimguse mwenzako. Kama kuna hofu ya kipigo, msikae wawili peke yenu. Awepo mchungaji au mzee mnayemheshimu nyote.

Na wewe uliyesalitiwa, huna deni la kunyamaza ili kanisa lisiaibike. Nabii Nathani hakunyamaza mbele ya mfalme Daudi. Tafuta mtu mmoja anayejua kutunza siri, umweleze, na usifanye uamuzi wa talaka wala wa kubaki ukiwa bado hujala wala kulala.

Wiki hii tusome 2 Samweli 11 na 12, kisha Zaburi 51 kwa sauti. Wenye wenzi wasome pamoja, hata kama mtasoma mkiwa mmenuniana.