Kitanzi kabla ya kutoka leba: tulivyoanza kituoni kwetu Moshi

Kwenye kituo chetu, nje kidogo ya mji wa Moshi, uzazi wa mpango ulikuwa na chumba chake huko kliniki, na jioni kilifungwa. Mama aliyejifungua usiku alielekezwa kunyonyesha, akaambiwa arudi siku ya 42, basi. Wengi walirudi, ila kwa ajili ya chanjo ya mtoto. La kwao waliliacha, na wengine tuliwaona tena na mimba huku mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo mama abebe mimba nyingine.

Mimi ni mkunga. Niliporudi kutoka mafunzo ya kuweka kitanzi, kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, baada ya kujifungua, nilijua kikwazo hakikuwa akina mama, kilikuwa ile korido kati ya kliniki na leba. Kitanzi cha shaba kinawekwa ndani ya dakika 10 baada ya kondo kutoka, au kabla ya saa 48 kupita. Zaidi ya hapo unasubiri wiki ya nne. Sasa dakika 10 hizo utatafuta ufunguo wa kliniki kwa nani?

Nikamwomba mganga mfawidhi sinia moja likae leba, limeshatakaswa, na vitanzi na vijiti vya kuzuia mimba vya mkononi pembeni. Alikubali siku hiyohiyo. Kazi ilikuwa kwenye rejesta. Ya uzazi wa mpango inakaa kliniki, kwa hiyo tulichotoa leba usiku hakikuonekana kwenye ripoti ya mwezi, na kisichoonekana kwenye ripoti hakiagizwi Bohari ya Dawa. Dada wa kliniki akawa anaona vitanzi vyake vinapungua bila jina la mteja. Alikuwa na haki ya kununa. Tukakubaliana kila asubuhi anayetoka zamu apitie kwake, waandike pamoja. Daftari hilo limetusaidia kuliko mabango yote ya ukutani.

La pili ni muda wa kuongea. Mwanamke mwenye uchungu haulizwi habari za kitanzi. Atakujibu lolote ili umwache. Tunaongea naye angali mjamzito, hudhurio baada ya hudhurio, na alichochagua kinaandikwa kwenye kadi. Leba tunathibitisha tu, na akibadili mawazo ni haki yake.

Na mama mkwe je? Huku kwetu ndiye anayekuja na chupa ya mtori, na neno lake ni zito. Mmoja alinisimamisha mlangoni:

“Nesi, mkwe wangu ananyonyesha. Hicho chuma cha nini?”

“Shikamoo mama. Kunyonyesha kunazuia mimba, lakini kwa masharti: mtoto hajafika miezi sita, hapewi hata maji, na mama hajaona siku zake.”

Akacheka. “Sisi uji tulianza mwezi wa tatu.”

“Ndiyo maana mama.”

Akauliza kama maziwa yatakauka. Nikamwambia kitanzi cha shaba hakina homoni hata kidogo. Hata vijiti, tangu mwongozo wa mwaka 2015 wa Shirika la Afya Duniani, anayenyonyesha anaweza kuwekewa kabla hajatoka wodini. Sindano ndiyo tunamwambia asubiri wiki sita.

Jambo moja hatulifichi: kitanzi cha baada ya kujifungua hutoka chenyewe mara nyingi zaidi kidogo kuliko cha kawaida. Mama anaambiwa hivyo kabla ya kukubali, na siku ya 42 tunaangalia nyuzi za kitanzi, maana mwanzoni huwa hazionekani.

Kilichobaki ni zamu za usiku. Si wote waliofundishwa, na mama aliyechagua kitanzi anaweza kumkuta mwenzangu asiyejua kukiweka. Akina mama wanapopungua tunafanya mazoezi kwenye kizazi cha plastiki tulichopewa mafunzoni. Mpaka wote wajue, anayejifungua usiku anawekewa asubuhi, ndani ya zile saa 48.