Kila Namba Ina Mwenyewe: Siku Moja ya Mwanafunzi wa Uzamili wa Uhasibu

Saa 11 alfajiri

Watu wakisikia nasoma uzamili wa uhasibu hudhani nashinda nikijumlisha na kutoa. Kujumlisha kuliishia shahada ya kwanza. Huku ni kusoma, kubishana na ulichosoma, kisha kukisoma tena.

Makala ya leo ni ya zamani, ya Ray Ball na Philip Brown, iliyochapishwa mwaka 1968. Waliuliza swali moja zito: hivi hii faida tunayoitangaza kila mwaka inamwambia mwekezaji jambo lolote? Wakakusanya bei za hisa za miezi ya kabla na baada ya tangazo, wakatenganisha kampuni zilizopata faida kuliko ilivyotarajiwa na zile zilizopata pungufu. Ikaonekana kwamba faida ina maana, bei inaifuata. Lakini sehemu kubwa ya habari ilikuwa imeshaingia kwenye bei kabla taarifa haijatoka. Mhasibu anakuja na tangazo lake, soko lilishanusa zamani.

Makala za aina hii nazisoma alfajiri kwa sababu jedwali moja tu linaweza kukumalizia saa nzima, na saa hizi hakuna wa kukuita. Pembeni ya kila ukurasa naandika swali lilelile: wamejuaje? Matokeo ya makala utayasahau baada ya mwezi, ila njia waliyopita utaulizwa kwenye mtihani, na siku ya kuitetea tasnifu utaulizwa tena.

Saa 2 asubuhi

Semina ya taarifa za fedha. Mada ni IFRS 16, kiwango cha mikataba ya ukodishaji, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 badala ya IAS 17. Kabla yake, kampuni iliweza kukodi mali za thamani kubwa kwa miaka mingi na deni lake lisionekane kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Unalikuta kwenye maelezo ya nyuma huko, kwa wale wenye subira ya kufika. David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya viwango vya kimataifa, IASB, alikuwa na utani wake maarufu: kabla hajafa, anatamani apande ndege ambayo imo kwenye mizania ya shirika linaloirusha.

Sasa ndege zimo. Ugomvi umehamia kwenye riba, maana deni linaloandikwa ni thamani ya leo ya malipo yajayo, na riba ikipanda thamani hiyo inashuka.

Mhadhiri anaandika mfano ubaoni: malipo ya milioni 10 kila mwisho wa mwaka, kwa miaka 5. Riba iliyomo ndani ya mkataba haijulikani, kwa hiyo kampuni inaruhusiwa kutumia riba ambayo ingetozwa kama ingekopa kiasi cha namna hiyo, kwa muda kama huo na kwa dhamana kama hiyo. Tukitumia asilimia 8, deni linalokwenda kwenye mizania ni milioni 39.93. Tukitumia asilimia 12, ni milioni 36.05. Deni limepungua kwa karibu milioni 3.9 na hakuna aliyelipa hata senti.

"Haya, nyinyi ndio wakurugenzi wa fedha," anasema. "Mnachagua ipi?"

Hapo darasa likachangamka. Mmoja akasema 12, kwa kuwa benki imeweka ukomo wa madeni na kampuni iko karibu kuuvuka. Mwingine akapiga hesabu ya mwaka wa kwanza: kwa asilimia 8, uchakavu (thamani ya mali iliyokodiwa ikigawanywa kwa miaka 5) na riba vinafika milioni 11.18, kwa asilimia 12 vinafika 11.54. Kwa hiyo mwenye bonasi inayotegemea faida ya mwaka huu ataing'ang'ania 8. Dada mmoja anayekaa nyuma, ambaye huwa hasemi mpaka amalize kuandika, akauliza: na kama bonasi inapimwa kwa faida kabla ya riba? Tukarudi kwenye daftari. Uchakavu peke yake ni milioni 7.99 kwa asilimia 8, na 7.21 kwa asilimia 12. Bwana mkurugenzi anahama tena, anarudi kwenye 12.

Hii ndiyo sababu naipenda semina hii. Kwenye shahada ya kwanza riba tulikuwa tunapewa, imeandikwa kabisa kwenye swali. Huku unaulizwa ni nani aliyeichagua, alikuwa anataka nini, na mkaguzi angemwambiaje. Kila namba ina mwenyewe.

Saa 5 asubuhi

Nawasaidia mwaka wa kwanza mazoezi yao ya debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, kanuni zilezile alizozichapa Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494. Kijana mmoja ananiita kwa furaha: "Mwalimu, urari umekubali!" Namwonyesha hati ya kodi ya pango ambayo ameiingiza kwenye akaunti ya vifaa. Debiti iko, krediti iko, jumla zinalingana, na hesabu ni mbovu. Ananitazama kama niliyemdhulumu. Urari hauoni kosa la aina hiyo, namwambia, kwa sababu kazi yake ni kulinganisha pande mbili tu. Kama gharama imevaa nguo za mali, urari unaipitisha.

Saa 7 mchana

Mapumziko. Hakuna cha kusimulia.

Saa 8 mchana

Sasa tasnifu. Nachunguza namna mameneja wanavyoichezea faida bila kuvunja sheria waziwazi. Chukua faida, toa fedha taslimu zilizotokana na uendeshaji. Kinachobaki tunakiita akruo. Humo mna mauzo ambayo wateja hawajayalipia, mna uchakavu, mna makadirio ya madeni yasiyolipika. Yaani mna kila kitu ambacho mtu alilazimika kukisia. Jennifer Jones, kwenye utafiti wake wa mwaka 1991, alikadiria akruo ambazo kampuni ingetarajiwa kuwa nazo kwa kuangalia mabadiliko ya mauzo na ukubwa wa majengo na mitambo yake. Zinazozidi au kupungua pale ndizo zinazotiliwa shaka. Mwaka 1995 watafiti Dechow, Sloan na Sweeney waliirekebisha modeli hiyo ya Jones kwa kuyatoa kwenye mauzo yale yaliyoongeza wadaiwa tu, maana mauzo ya mkopo nayo ni mlango wa kuchezea.

Ukiieleza hivyo inapendeza. Kazi yenyewe ni kusafisha data, na hapa ndipo uzamili wangu unapoishia mchana mwingi. Kampuni moja imetoa taarifa kwa maelfu, mwaka uliofuata kwa mamilioni, na faili halikusema. Nyingine ilibadilisha mwisho wa mwaka wake wa fedha, hivyo ina "mwaka" wa miezi 15. Kuna visanduku vitupu ambavyo mtu amevijaza sifuri, kana kwamba kutojulikana na kutokuwepo ni kitu kimoja. Kwa kuwa kila kitu kwenye modeli kinagawanywa kwa jumla ya mali za mwaka uliotangulia, sifuri moja pale inaangusha mstari mzima. Kila ninapobadilisha kitu naandika sababu kwenye faili la pembeni, kwa sababu msimamizi wangu hana huruma na mtu anayesema "nilikifuta tu".

Baadaye regresheni, ile hesabu ya kukadiria uhusiano kati ya namba, inakubali, namba zinajipanga, na ninajiona mtafiti.

Saa 11 jioni

Ofisini kwa msimamizi. Nimemwamkia, amenikaribisha kiti, akaanza kuyapitia majedwali kimya. Profesa huyu akinyamaza muda mrefu ujue swali liko njiani.

"Modeli yako ingeikamata WorldCom?"

Nikasema nadhani ingeikamata.

"Usidhani. Kapige hesabu, uniletee jibu."

Kikao kimeisha. Hakikufika robo saa.

Saa 2 usiku

WorldCom ilikuwa kampuni ya simu ya Marekani. Ilikuwa inazilipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao, na hayo ni matumizi ya kawaida ya kila mwezi. Biashara ilipobana, malipo hayo yakaanza kuhamishiwa kwenye mali, kana kwamba wamejenga mtambo. Walioibua jambo hilo ni timu ya ukaguzi wa ndani chini ya Cynthia Cooper, na Juni 2002 kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 na zaidi zilikuwa zimeandikwa pasipostahili.

Nachukua karatasi tupu. Sema malipo ni 100, yote taslimu. Ukiyaandika kama gharama, faida inashuka 100 na fedha za uendeshaji zinashuka 100. Ukiyaita mali, hakuna kinachoshuka hapo. Zile 100 zinaonekana chini, kwenye fedha za uwekezaji. Faida imepanda kwa 100, na fedha za uendeshaji nazo zimepanda kwa 100. Toa moja kwa nyingine: akruo ni zilezile. Kinachobadilika ni uchakavu wa hiyo mali ya uongo, nao unazipunguza akruo na kuifanya kampuni ionekane yenye tahadhari.

Bilioni zinapita mbele ya modeli yangu, na modeli inazipungia mkono. Ni ileile hati ya pango ya kijana wa asubuhi, kwa kiwango kikubwa tu.

Sijakata tamaa, nimeudhika kidogo. Modeli haijafa, inakamata makadirio yaliyopindishwa, na kampuni nyingi hucheza hapo. Ila siwezi kuandika kwenye tasnifu kwamba "inapima udanganyifu" kama nilivyokuwa nimepanga. Sentensi hiyo naiandika upya. Kwenye data naongeza safu mbili: matumizi ya uwekezaji yakigawanywa kwa mauzo, na tofauti ya kampuni na wenzake wa sekta moja. Kampuni ambayo mauzo yamelala huku "mitambo" yake ikinenepa kila robo mwaka inastahili kutazamwa kwa jicho la pili.

Saa 5 kasoro usiku

Namwandikia Profesa: "Shikamoo. Jibu ni hapana, isingeikamata. Hesabu nimeiambatisha, na safu mbili za ziada nimeziongeza." Jibu lake linaingia kabla sijafunga kompyuta: "Marahaba. Na kama sekta nzima inafanya hivyohivyo?"

Naiandika kwenye orodha ya kesho, chini ya kampuni ya miezi 15.