Kigari cha kulala, wiki ya sita: dumu la maji limenirudisha nyuma

Nilikuwa nshajiona nimemaliza, kitanda kishakaa, kabati la jiko lishakaa, nikasema twende Makunduchi tukaijaribu HiAce yetu ninayoigeuza kigari cha kulala. Kukaribia msitu wa Jozani, kabla hata ya yale matuta, kima punju huyo kachomoka pembeni, nikakanyaga breki, na spidi yenyewe haifiki 40. Kima kapita salama, ila dumu la lita 20 limetoka chini ya kitanda mpaka mgongoni mwa kiti changu, puu! Mama watoto kaniangalia tu hakusema kitu, na kule kunyamaza ndo kulikoniuma zaidi.

Usiku nikakaa na kalkuleta ya simu. Gari ikiwa spidi 50 ikagonga kitu ikasimama ndani ya nusu mita, dumu la kilo 20 linasukuma kama mzigo wa kilo 400 hivi. Na hilo dumu tu, bado jiko, bado mtungi, bado kitanda chenyewe.

Asubuhi nikaenda kwa fundi Mwanakwerekwe. "Ami, hichi kitanda umekifungia nini?" "Skrubu za mbao mwanangu, kwenye bati la sakafu." Kuvuta kidogo zinang'oka kama jino la mtoto. Tumeanza upya: bolti za milimita 8 zinapenya sakafu, chini kuna kipande cha chuma bapa upana wa kiganja ili bati lisichanike, halafu nati za kujifunga, zile zisizolegea kwa mtikisiko. Kabla ya kutoboa nililala chini ya gari na tochi nusu saa nzima kuangalia mipira ya breki na tangi viko wapi (ami alitaka kutoboa tu, bismillah). Kila tundu likapigwa rangi, maana chumvi ya huku kwetu haina msamaha na bati.

Madumu sasa yanakaa chini kabisa nyuma ya viti, katikati ya ekseli mbili, na mikanda ya kubania.

Kosa kubwa hasa lilikuwa viti. Mstari wa pili niliutoa ili kitanda kipate futi 6, watoto wakasafiri wamelala. Wee, mtoto aliyelala kitandani gari inakwenda ana tofauti gani na dumu? Viti vimerudi palepale na mikanda yake, kwenye matundu yake ya kiwandani, mkanda sifungi kwenye bati hata siku moja. Kitanda nimekikata, kipande cha mbele kina bawaba, gari ikisimama unalaza viti unakifungua juu yake. Kinalia kweche kweche lakini futi 6 ipo.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 nimeujengea kasha la peke yake lenye tundu sakafuni linalotoka nje, kwa sababu gesi ikivuja inashuka chini, haipandi. Na kupika ni mlango wazi, kulala jiko limezimwa.

Nikasema basi yamekwisha, kuja kusoma tairi: namba nne za mwisho 1115, yaani imetengenezwa wiki ya 11 ya 2015, na aliyeniuzia kaniapia mpya! Jumamosi nanunua nyengine nne. Pesa ya mapazia ndo imekwenda hapo, kwa sasa madirishani tutatundika kanga.