Kila kitu nyumbani kiwe na rizevu

Muulize bodaboda yeyote pale Sabasaba hapa Dodoma mafuta yakikata njiani anafanyaje, atakwambia anageuza koki anaweka rizevu, yaani mafuta ya akiba, halafu anatafuta sheli. Ndani ya tenki kuna vibomba viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, siku zote unatumia kile kirefu, mafuta yakishuka chini ya mdomo wake pikipiki inaanza kukohoa, unafungulia kile kifupi unaendelea na safari. Hata geji ikiwa imekufa haijalishi, pikipiki yenyewe imekuambia na imekupa muda wa kufika sheli.

Mi nadhani nyumba inatakiwa iendeshwe hivyo hivyo. Watu wananunua daftari za mipango, wanaweka alamu kwenye simu, lakini alamu ikilia uko kwenye daladala umesimama unaizima na mambo yanaishia hapo. Kitu chenyewe ndio kikukumbushe, tena kikukumbushe wakati bado kina akiba.

Nianze na maji maana huku kwetu maji ndio kila kitu. Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni jua na vumbi, na mitaa mingi bomba linatoka kwa mgao. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 mpaka 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie. Sasa piga hesabu, familia ya watu watano mkitumia lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku, simtanki la lita 1,000 linaisha siku nne, na hapo hujafua mashuka wala hujamwagilia mchicha. Shida ni kwamba simtanki likiisha linaisha ghafla, asubuhi, una sabuni usoni. Ndio maana mi nasema toeni njia mbili kwenye simtanki, moja iwe juu kidogo, kama theluthi kutoka chini, hiyo ndio iende ndani ya nyumba, na nyingine chini kabisa iwe imefungwa. Bomba la ndani likikauka unajua bado kuna lita mia tatu na kitu, unafungua ya chini, kuanzia hapo ni kupika, kunywa na kuoga kwa kopo, na simu kwa mwenye boza inapigwa siku hiyo hiyo.

Gesi ni rahisi zaidi, mtungi mkubwa wa kilo 15 ndio wa kila siku na ule mdogo wa kilo 6 unakaa pembeni umejaa. LUKU nayo unanunua tokeni kabla haijaisha, zile tarakimu 20 unaziandika kwenye karatasi unabandika karibu na mita bila kuziingiza, umeme ukikata saa nne usiku hata simu ikiwa haina chaji unaingiza tu unarudi kulala. Unga, chumvi, dawa ya mswaki, vyote pakiti mbili. Nyanya na mboga mbichi hapana, zinaoza, ingawa bibi zetu wa Kigogo hilo walishalimaliza zamani, mlenda unakaushwa wakati wa mvua unaliwa kiangazi chote.

Sheria ni moja na hapa ndipo nyumba nyingi zinakwama: siku unayofungua rizevu ndio siku ya kuagiza nyingine, sio mwisho wa mwezi. Toyota kule Japani walifanya hivi kiwandani kwa kadi tu, vipuri vya kwenye boksi vikianza kutumika kadi yake inarudi nyuma kuagiza vingine, hakuna mtu wa kukaa anakumbuka. Nyumbani msumari ukutani jikoni unatosha, aliyefungua pakiti ya mwisho anatundika kipande cha ile pakiti pale, awe mtoto, awe dada wa kazi, awe baba mwenye nyumba, na anayeenda sokoni Majengo anabeba vilivyotundikwa.

Najua inahitaji hela ya kuanzia, mtungi wa pili sio bure jamani. Kwa hiyo anza na maji, koki na viungio viwili vitatu fundi bomba anamaliza mchana mmoja, ila mwambie alioshe simtanki kwanza maana tope lote linakaa chini na ndiko rizevu yako itakakotokea, na ile koki ya chini mkono wake upakwe rangi nyekundu ili mgeni asije akaifungua hovyo.