Kinywa Kabla ya Jicho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Maombolezo 3, na najua wengi mtaenda moja kwa moja kwenye mstari wa 22 na wa 23: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Maneno haya hatuyafungulii hata Biblia. Yako kwenye kalenda za ukutani, kwenye vioo vya nyuma vya daladala, kwenye picha za maua na kikombe cha chai tunazotumiana alfajiri. Sina ugomvi nayo. Naomba tu kwamba wiki hii, kabla ya kuyatuma kwa mtu, tuyasome pale yalipo.

Yalipo ni katika mji uliokwisha kuchomwa moto. Fungueni 2 Wafalme 25. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira Yerusalemu mwezi wa kumi wa mwaka wa tisa wa Sedekia, mfalme wa Yuda, na ukuta ukabomolewa mwezi wa nne wa mwaka wa kumi na moja. Hesabu mwenyewe: mwaka na nusu bila shamba wala soko. Mwezi uliofuata Nebuzaradani, mkuu wa walinzi wake, akaiteketeza nyumba ya Bwana, nyumba ya mfalme na kila nyumba kubwa. Wanahistoria huyaweka haya mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Yaliyompata mtu wa kawaida wakati huo, Wafalme haisemi mengi. Maombolezo ndiyo inayosema: watoto wachanga wanazimia njiani wakiwauliza mama zao nafaka iko wapi (2:11-12), na katika 4:10 kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa madhabahuni, la wanawake wenye huruma waliowapika watoto wao. Anayetuambia habari za rehema mpya kila asubuhi ameyaona hayo.

Sasa tazameni jinsi kitabu chenyewe kilivyojengwa, kwa sababu hapa ndipo Biblia zetu za Kiswahili, bila kosa lolote la watafsiri, zinashindwa kutuonyesha kitu ambacho msomaji wa Kiebrania hukiona mara moja. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1 ina mistari 22, na kila mstari unaanza na herufi yake kwa mpangilio: Alefu, Bethi, Gimeli, hadi Tau. Sura ya 2 vivyo hivyo. Sura ya 4 pia, ila beti zake ni fupi kidogo. Sura ya 3 imebanwa zaidi ya zote: kila herufi ina mistari mitatu, yote mitatu ikianza na herufi ileile, ndiyo maana sura hiyo peke yake ina mistari 66. Sura ya 5 ina mistari 22, lakini herufi hazifuatani tena.

Mambo haya si mageni kwenye pwani yetu. Washairi wa zamani wa Lamu na Pate walitunga tungo zinazofuata alifu, be, te, ubeti kwa ubeti. Na ndani ya Biblia yenyewe, Zaburi 119 imejengwa hivyo, mistari minane kwa kila herufi. Na yule mke mwema wa Mithali 31 amesifiwa kuanzia Alefu hadi Tau. Lakini hizo ni sifa na mafundisho. Inashangaza zaidi kumkuta mtu aliyepoteza kila kitu akiketi kulia kwa mpangilio wa herufi.

Kwa nini afanye hivyo? Wengine husema ni ili watu wakumbuke kwa urahisi, na yawezekana. Wengine husema ni ili pasibaki kilio ambacho hakikutajwa, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi naona kuna jambo la tatu, na waliowahi kukaa msibani watanielewa. Matanga yana utaratibu wake. Kuna wa kupika, wa kuchimba kaburi, wa kuandika michango. Kuna siku ya kuzika na siku ya kuanua tanga. Aliyefiwa hana nguvu ya kuamua lolote, basi utaratibu unambeba. Herufi 22 zilimfanyia mwombolezaji huyu kazi hiyo. Akimaliza Bethi anajua kinachofuata ni Gimeli, hata kama hajui kesho atakula nini.

Ndani ya utaratibu huo, huruma za Bwana ziko wapi? Ziko kwenye herufi ya nane, Hethi, mistari ya 22 hadi 24. Kabla yake zimepita herufi saba, mistari 21, na karibu yote ni mashtaka. "Mimi ni mtu aliyeona mateso," ndivyo anavyoanza. Mungu amemjengea boma asitoke. Mungu ni dubu amwoteaye. Ameyavunja meno yake kwa changarawe. Mstari wa 18 anasema tumaini lake kwa Bwana limepotea. Ni baada ya hapo, katika mstari wa 21, ndipo anaposema kuna neno analojikumbusha. Angalieni: anajikumbusha mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia usilie, Mungu ana makusudi yake.

Herufi inayofuata, Tethi, hata katika Kiswahili chetu bado unaiona imejitokeza: "BWANA ni mwema" (25), "Ni vema mtu autarajie wokovu" (26), "Ni vema mwanadamu aichukue nira" (27). Mistari mitatu, na wema umetajwa mara tatu mwanzoni, maana kwa Kiebrania yote inaanza na neno moja. Someni mistari hiyo polepole, mtausikia mpigo wake.

Kisha, na hapa kalenda zetu hazifiki, kilio kinarudi. Mstari wa 42: "Sisi tumekosa na kuasi, wewe hukusamehe." Mstari wa 44: umejifunika kwa wingu, maombi yetu yasipite. Huyu ni mtu yuleyule, sura ileile, mistari kama 20 tu baada ya kusema uaminifu wako ni mkuu. Hakuyafuta maneno ya kwanza, na hakuyaona kuwa sababu ya kunyamazia haya ya pili. Tukisoma kwa kunyofoa, tunapata mtu mmoja mwenye imani na mwingine aliyekata tamaa. Maandiko yanatupa mmoja tu.

Lakini jambo lililonifanya nichague kichwa cha tafakari hii ni dogo zaidi. Katika alfabeti ya Kiebrania tunayoijua, herufi ya 16 ni Ayini na ya 17 ni Pe. Sura ya 1 imefuata hivyo. Sura ya 2, ya 3 na ya 4 zimegeuza: Pe inatangulia, Ayini inafuata. Jina Pe ni kinywa, na Ayini ni jicho. Walimu wa Kiyahudi waliliona jambo hili, na katika Talmudi ya Babeli, ule mkusanyo wa mafundisho yao ya kale, kitabu cha Sanhedrini, wanauliza: kwa nini kinywa kimewekwa mbele ya jicho? Wanajibu: kwa sababu ya wale wapelelezi waliosema kwa vinywa vyao ambayo hawakuyaona kwa macho yao.

Wapelelezi ni wale wa Hesabu 13, watu kumi kati ya kumi na wawili. Mnakumbuka walivyosema: tulijiona kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi. Kujiona kama panzi, sawa, hilo ni lao. Lakini walijuaje Waanaki, yale majitu ya nchi ile, wamewaonaje? Waliwauliza? Talmudi inaongeza kwamba usiku ule watu walipolia kwa sababu ya habari hizo (Hesabu 14:1) ulikuwa tarehe 9 ya mwezi wa Ab wa kalenda ya Kiyahudi, siku ileile ambayo Wayahudi huomboleza kuharibiwa kwa hekalu.

Naupenda ufafanuzi huo. Hata hivyo sidhani kwamba mwandishi wa Maombolezo alikuwa akiwafikiria wapelelezi alipopanga herufi zake. Mwaka 1976, mahali paitwapo Izbet Sartah, karibu na Afeki ya kale, wachimbaji walipata kigae cha chungu ambacho mtu aliandikia herufi zake, yapata miaka elfu moja na mia moja hivi kabla ya Kristo. Wengine huhisi hapo ndipo Ebenezeri ya 1 Samweli 4. Mwandiko hauvutii hata kidogo. Unaonekana ni wa mtu anayejifunza. Na kwenye kigae hicho Pe inatangulia Ayini. Vivyo hivyo kwenye maandishi ya Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, ya miaka kama 800 kabla ya Kristo. Kumbe palikuwa na watu waliofundishwa alfabeti kwa mpangilio huo. Tena katika magombo ya Bahari ya Chumvi, zile nakala za kale zilizopatikana mapangoni, nakala ya Maombolezo iliyotoka pango la 4 la Qumran inaweka Pe mbele hata katika sura ya 1. Mwombolezaji hakuwa amechanganyikiwa wala hakuficha fumbo. Aliandika alfabeti ya shule yake.

Je, basi tuutupe ufafanuzi wa walimu wale? Sioni sababu. Kigae kinatuambia mwandishi alifanya nini. Walimu wanatuambia msomaji alijitazamaje ndani ya maandishi. Ni maswali mawili, kila moja lina jibu lake, na ugomvi mwingi wa vikundi vyetu vya Biblia unatokana na kulijibu moja kwa jibu la lingine. Kwangu mimi jibu la kwanza ndilo linalotangulia, maana bila hilo kila mtu atasoma anachotaka. Lakini nikishalipata sioni haya kuketi na walimu wale na kuuliza ni mara ngapi kinywa changu kimekimbia mbele ya jicho langu: mara ngapi nimemtumia mfiwa mstari wa 22 kabla sijakaa naye hata nusu saa.

Bwana wetu mwenyewe, alipoukaribia mji huohuo, Luka 19:41 inasema "aliuona mji, akaulilia." Aliona, akalia, ndipo akasema. Na aliyoyasema hayakuwa ya kufariji hata kidogo: adui watakuzunguka na kukuzingira, hawatakuachia jiwe juu ya jiwe. Siku chache baadaye waliopita njiani walitikisa vichwa vyao mbele ya msalaba wake, kama walivyotikisa wapita njia wa Maombolezo 2:15 mbele ya magofu ya Sayuni. Mathayo, aliyeyajua maandiko yake, bila shaka alijua anaandika nini.

Neno kuhusu mwandishi, kwa kuwa nitaulizwa. Kitabu chenyewe hakitaji jina lake. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inaanza kwa kusema Yeremia aliketi akilia, na kutoka hapo ndipo sisi tulipokiweka baada ya kitabu cha Yeremia. Katika Biblia ya Kiebrania kiko mbali na Yeremia, kwenye fungu la Maandiko, pamoja na Ruthu, Wimbo Ulio Bora, Mhubiri na Esta. Anayeamini ni Yeremia hana dhambi. Asiyeamini naye asitengwe.

Kwa hiyo wiki hii tusome hivi. Kitabu chote kina mistari 154, hakimalizi nusu saa. Jumatatu someni sura ya 1, na kila siku sura moja, kwa sauti, kama ni nyumbani basi mpokezane. Sura ya 3 msiikate; somo la Jumatano litakuwa refu, mvumilie. Wekeni alama kila mnapomsikia Mungu akisema. Nawaonya mapema kwamba penseli itabaki mkononi muda mrefu, kwa sababu katika kitabu kizima maneno yake yaliyonukuliwa ni "Usiogope," katika 3:57, nayo yanakumbukwa na mwombolezaji, hayatoki mbinguni wakati ule.

Ijumaa mtafika sura ya 5, isiyo na mpangilio wa herufi, na mtakuta inaishia vibaya. Mstari wa 21 unaomba, "Ee BWANA, utugeuze kwako, nasi tutageuka," na wa 22 unataja kukataliwa kabisa na hasira nyingi sana. Basi, kimekwisha. Katika masinagogi, usiku wa tarehe 9 Ab, watu wakiwa wameketi chini na taa zimepunguzwa, msomaji akifika mstari wa 22 mkutano huurudia wa 21 ili wasiondoke na neno lile mdomoni. Ni desturi njema na siku nyingine tutaifuata. Ila Ijumaa hii mara ya kwanza naomba msome mpaka wa 22 na mfunge Biblia. Jumamosi jioni tukikutana, kila mmoja aje na mstari mmoja uliomkwaza, usiwe wa 3:22 wala wa 3:23, na tuanzie hapo kuomba.