Daraja Lililopinda la Parkfield

Kabla tu ya kuingia Parkfield, kijiji cha California kinachojitangaza kwenye kibao kuwa na wakazi 18, tulisimamisha gari kwenye daraja dogo. Ufa wa San Andreas, mpasuko mkubwa wa ardhi ambako mabamba mawili ya ganda la dunia hupishana polepole, unapita papo hapo, na vibao viwili vinamweleza msafiri anapotoka bamba la Pasifiki na kuingia la Amerika Kaskazini. Nilifumba jicho moja nikautazama ukingo wa chuma kwa urefu wake, kama seremala anayekagua ubao, nikauona umepinda.

Hata hivyo, sikuwa nimefuata daraja. Nilitaka kuviona vilima ambako, kuanzia miaka ya 1980, wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani walipima mwendo wa ardhi kwa leza. Mashine ilikaa kwenye kilima kimoja, na viakisi vikawekwa kwenye vilima vya mbali, pande zote mbili za ufa. Mwanga ulitumwa, ukagonga kiakisi, ukarudi. Adui wa kazi hiyo ni hewa, kwa kuwa joto na msongamano wake hubadilisha kasi ya mwanga, na kosa dogo hutosha kuficha mwendo unaotafutwa. Ndiyo maana walituma rangi mbili, nyekundu na buluu: hewa huichelewesha buluu zaidi kidogo, na tofauti hiyo huonyesha hewa ya njiani ilikuwaje. Nakiri kwamba hila hiyo niliielewa barabara nilipoviona vilima vyenyewe vikimeremeta na kuchezacheza kwa joto la mchana. Kwa umbali wa kilomita kadhaa, waliweza kutambua badiliko la takriban milimita 1.

Walikuwa na sababu ya kukesha. Matetemeko ya ukubwa wa takriban 6 yalikuwa yametokea hapa miaka ya 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, hivyo ikatabiriwa kwamba jingine lingekuja kufikia mwaka 1993. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, na vyombo vyote vilivyolizunguka bonde havikuonyesha dalili ya wazi kabla yake. Baada ya hapo ndipo ufa ulipoendelea kuteleza taratibu kwa miezi mingi, mwendo ambao hakuna aliyeuhisi miguuni.

Tuliporudi jioni, dereva naye alifumba jicho moja akautazama ukingo, kisha akaniuliza mwaka huu umepinda kiasi gani. Nilikuwa na futi ya utepe mfukoni, sikuitoa.