Siku SET ilipojaza ubao

Juzi binti yangu kanifuata jikoni na daftari lake la Kiingereza, mi nakaanga vitunguu, ananiuliza mama, set maana yake nini, nikamwambia inategemea. Akaniangalia kama vile namficha kitu. Alitaka jibu moja aandike akacheze. Basi tukaandika, akaenda zake, ila kichwa changu kikabaki kidato cha kwanza kule Morogoro.

Wengi wetu tulitokea shule za msingi za serikali, na tangu 1967 huko masomo ni kwa Kiswahili, hesabu, sayansi, yote, halafu unavuka sekondari unakuta biolojia, jiografia na historia vimegeuka Kiingereza kwa mkupuo, hakuna kupumua. Darasa zima kimya. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka na wewe umkamate mwenzio, kwa hiyo watu walikuwa wanaona bora kunyamaza tu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mzee mpole sana. Siku hiyo akaandika SET kwa herufi kubwa katikati ya ubao, akafunga mlango, akasema leo ongeeni lugha yoyote mnayotaka, niambieni hili neno huko kwenu mnalisikia wapi.

Mmoja akasema seti ya sufuria, zile anazopewa bibi harusi kwenye kicheni pati. Mi nikasema kuseti nywele, maana nimekulia saluni ya mama, unapigwa rola unakaa chini ya draya mpaka masikio yanawaka. Wa voliboli akasema seti, pointi 25. Mkimbiaji wetu akatoka kabisa mbele, akainama vidole sakafuni, on your marks, set! Kuseti saa. Kuseti redio ishike stesheni. Mzee anaandika tu, chaki inamwagika mpaka kwenye mikono ya shati.

Halafu nyuma kabisa ukanyooka mkono wa kijana ambaye tangu tufungue shule sikuwahi kusikia sauti yake. Likizo alikuwa anabeba zege na baba yake mdogo. Akasema, "Zege, mwalimu. Kwenye mfuko wa saruji wameandika setting." Mwalimu akamwambia eleza basi, zege likikauka ndo limeset, sivyo? Yule kijana akasimama. "Hapana mwalimu, halikauki. Linashika. Kukauka na kushika ni vitu viwili, ndo maana likishashika tunalimwagia maji asubuhi na jioni siku saba, likikauka mapema linapasuka, linakuwa halina nguvu." Alikuwa anaongea na mikono, anaonyesha unavyolikata kwa koleo, unavyotandaza magunia juu yake na kuyalowanisha. Mikono ile ilikuwa na nyufa nyeupe za saruji kwenye viungo vya vidole. Mwalimu akashusha chaki. Akasema, hilo mimi nilikuwa silijui, asante, na akaliandika juu kabisa ya ubao, kwa Kiingereza, huku anamtamkia polepole na kijana anarudia, the concrete has set, mara ya pili, mara ya tatu, sauti inapanda.

Akamalizia kwa kutuambia kwamba set la kitendo ni la Kiingereza cha zamani, chanzo chake ni kukifanya kitu kikae, kama sisi tunavyotoka keti tukapata ketisha, lakini seti ya sufuria ilikuja kwa njia nyingine, kupitia Kifaransa kutoka Kilatini, kundi la watu wanaofuatana. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 iliipa set maana zaidi ya 430, na kwamba siku hizi run ndo imeipita, 645 kwa kitenzi peke yake. Sikushangaa. Ubao wetu ulishajaa kabla ya kengele.

Kengele ikalia, mlango ukafunguliwa, kibao kikaendelea na safari zake.

Yule kijana hakuvuka mtihani wa kidato cha pili. Maswali kwa Kiingereza, majibu kwa Kiingereza, na hakuna wa kumwambia eleza basi. Leo ni fundi anayetafutwa na nafurahi naye kwa moyo wote, ila sijawahi kukubali kwamba alikuwa hana kichwa, mtu aliyekuwa na kemia ya saruji mikononi kabla mwalimu wa kemia hajaifikia. Watu wakiniambia Kiingereza ndicho kilimwangusha nasita, manake siku ile nilikiona kinamwingia. Wakiniambia tukiondoe kabisa nasita pia, binti yangu anakihitaji. Mi nataka tu apate mwalimu anayeanza kwa kuuliza nyumbani mnalisikia wapi, na nimezunguka shule kadhaa hapa mjini kuulizia, bado sijampata.